Madaktari wa mifugo Tanzania: kazi ni tele, mlipaji ndiye hajulikani

Sekretariati ya Ajira inapotoa majina ya walioitwa kwenye usaili wa nafasi za Daktari wa Mifugo Daraja la II, orodha huwa ndefu kuliko nafasi zenyewe. Nchi hiyohiyo ina ng'ombe zaidi ya milioni 35, na mbuzi na kondoo ukiwajumlisha wanakaribia idadi hiyo. Ndama wanakufa kwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, kabla hawajaachishwa maziwa. Mdondo ukiingia kijijini humaliza kuku wa nyumba nzima ndani ya wiki moja, na homa ya nguruwe ya Afrika ikifika bandani mfugaji hubaki na deni la pumba peke yake.

Wanaotazama hali hii hugawanyika. Wapo wanaosema SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipunguze wanafunzi kwa kuwa soko limejaa. Wengine wanadai serikali iajiri wahitimu wote, kila kata na daktari wake. Naona pande zote mbili zinaruka swali lililo katikati: kazi ya daktari wa mifugo inalipiwa na nani? Mpaka lijibiwe, tutaendelea kuwa na daktari asiye na kazi anayeishi kilomita chache kutoka kwenye zizi lenye wagonjwa.

Vizazi vya kwanza vya madaktari wetu vilisomea Kabete, Nairobi. Chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, fani hii ilipangiwa huko kama udaktari wa binadamu ulivyopangiwa Makerere na sheria Dar es Salaam. Chuo hicho kilivunjika mwaka 1970. Mafunzo ya shahada yakaanza Morogoro mwaka 1976 yakiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 ikazaliwa SUA. Mhitimu wa wakati ule hakuhitaji kujiuliza nani atamlipa. Alipangiwa kituo, dawa zilitoka bohari ya serikali, josho lilikuwa la serikali, na mfugaji alihudumiwa bure au kwa ada ndogo sana.

Mpango huo ulikatika miaka ya 1990. Serikali iliacha kuajiri wahitimu moja kwa moja, tiba na dawa zikaachiwa sekta binafsi, na majosho mengi yakakauka. Baadaye ugatuaji ukawahamishia wataalamu wa wilayani chini ya halmashauri. Leo daktari wa mifugo wa wilaya anawajibika kwa mkurugenzi wa halmashauri, ambaye mezani pake kuna madarasa, zahanati na barabara. Mkurugenzi wa huduma za mifugo wa wizara, anayetakiwa kujua kesho asubuhi kama kuna sotoka ya mbuzi na kondoo Kiteto, hana mamlaka ya moja kwa moja juu ya mtu aliyeko Kiteto. Taarifa ya ugonjwa hupita ngazi kadhaa kabla ya kufika inakohitajika, na kirusi hakisubiri barua ipigwe muhuri.

Njia za kuingia kwenye fani zinafahamika. Shahada ya SUA ni miaka mitano, na Kemia na Biolojia za kidato cha sita ndizo msingi wake. Chini yake kuna Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, LITA, wenye kampasi nane: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Madaba, Temeke, Mabuki na Kikulula. Hapo kijana wa kidato cha nne huanza na astashahada, kisha stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji. Mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea hadi SUA, na kwa maoni yangu hao ndio wanafunzi bora wa mwaka wa nne na wa tano, kwa sababu wanaingia darasani wakiwa wameshashika mnyama. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inawapanga wote chini ya Baraza la Veterinari: daktari anasajiliwa, mwenye stashahada anaandikishwa, mwenye astashahada anaorodheshwa, na hawa wawili wa mwisho wanatakiwa wafanye kazi chini ya usimamizi wa daktari.

Ndivyo karatasi inavyosema. Kijijini, anayeitwa "daktari" ni yule mwenye astashahada, au hata muuza dawa, kwa sababu ndiye aliyepo.

Tiba ya mnyama mmoja mmoja ndiyo kazi ambayo kijana akitoka chuo hudhani itamlisha. Mnyama ni wa mfugaji, faida ya kupona ni ya mfugaji, kwa hiyo mfugaji alipe. Hesabu hiyo haina kosa, ila mfugaji hanunui utambuzi wa ugonjwa, ananunua chupa. Akiona ng'ombe amesimama pembeni ya kundi, masikio yamelala na manyoya yamesimama, anakwenda mnadani au kwenye duka la dawa za mifugo, anataja dalili mbili, anapewa antibiotiki ya oksitetrasaiklini ya asilimia 20.

Tufuate hiyo chupa. Dozi yake ni ml 1 kwa kila kilo 10 za uzito. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji ml 25, na zigawanywe sehemu mbili au tatu za mwili, kwa sababu ukisukuma zote mahali pamoja msuli unaharibika. Mfugaji aliyenunua chupa ya ml 50 anawachoma ng'ombe watano, kila mmoja ml 10. Kila mnyama amepata chini ya nusu ya dozi. Diminazini, dawa ya ugonjwa wa ndorobo (nagana), ni hivyohivyo: pakiti ya gramu 2.36 inachanganywa na maji safi ml 12.5 na inatosha ng'ombe mmoja wa kilo 300, lakini mara nyingi utaikuta imegawiwa wanyama watatu. Hakuna mzani, na utepe wa kupimia mzunguko wa kifua, ambao ungekadiria uzito kwa dakika moja, haupo. Wanyama wanapata nafuu siku mbili, ugonjwa unarudi, na vimelea vilivyobaki ni vile vilivyoizoea dawa.

Kama ugonjwa wenyewe ni ndigana kali, hasara ni kubwa zaidi. Oksitetrasaiklini haiponyi ndigana kali iliyokwisha kujitokeza. Ndama mwenye tezi zilizovimba chini ya sikio, homa na pumzi fupi anahitaji buparvakwoni, ml 1 kwa kilo 20, na anaihitaji mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Daktari angechoma sindano kwenye tezi, akapaka tone kwenye kioo, akatia rangi ya Giemsa na kutazama kwenye hadubini. Ndani ya saa moja angejua anachokitibu. Badala yake anaitwa siku ya tano, baada ya chupa mbili za dawa isiyohusika. Ndama anakufa mikononi mwake, na jirani anayeshuhudia anajifunza kwamba daktari ni gharama isiyo na faida. Hivyo ndivyo soko la tiba linavyojiharibu lenyewe.

Ndiyo maana wahitimu wengi wanaojiajiri huishia kufungua duka. Vibali si vichache: usajili wa Baraza, TMDA kwa upande wa dawa, leseni ya biashara ya halmashauri, TRA. Akishavipata vyote anagundua kwamba mshindani wake ni mtu mwenye mkoba mnadani asiye na hata kimoja. Faida ya duka iko kwenye chupa, kwa hiyo daktari naye anaanza kuuza chupa. Elimu ya miaka mitano inakaa kimya nyuma ya kaunta. Yapo pia maduka ambayo cheti cha daktari kimetundikwa ukutani na daktari mwenyewe hafiki. Jina limekodishwa, na usimamizi unaotakiwa na sheria umebaki kuwa fremu ya kioo.

Mhitimu anayetaka kuishi kwa taaluma yake ahame kwenye chupa aende kwenye kinga ya kundi. Nitachukua mfano mmoja kwa undani, kwa sababu unaonyesha vizuri ujuzi unaouzika ni upi na unaharibikia wapi.

Chanjo ya ndigana kali haifanani na chanjo nyingine. Ndama anachomwa vimelea hai vya ugonjwa wenyewe, na papo hapo anachomwa oksitetrasaiklini ya muda mrefu ili ugonjwa ubaki mdogo na kinga ijengeke. Akishapona ana kinga ya maisha. Chanjo hutengenezwa Lilongwe, Malawi, ikajazwa kwenye mirija midogo na kuhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija mmoja wa kawaida ni dozi 40. Ukishauyeyusha na kuuchanganya na maji yake maalumu una saa chache tu. Kilichobaki hakirudi kwenye mtungi, kinamwagwa. Ndama anapata ml 1 chini ya ngozi karibu na tezi ya sikio, na upande mwingine dawa ya asilimia 30, ml 1 kwa kila kilo 10 za uzito wake halisi.

Kilicho kigumu hapo si sindano. Mfugaji mwenye ndama 12 akikuita peke yake, dozi 28 zinakwenda chini na wewe ndiye unayekula hasara. Lazima siku chache kabla upite boma kwa boma, uandike ndama walio tayari, uwaondoe wagonjwa na waliodhoofu, ukubaliane na wenyewe kibanio gani cha kushikia wanyama kitatumika na saa ngapi. Halafu uzito: ukikadiria ndama wa kilo 80 kuwa wa kilo 50, dawa haitoshi kuuzuia ugonjwa ulioupandikiza kwa mkono wako mwenyewe. Baada ya chanjo, kuanzia wiki ya pili hadi ya nne, lazima mtu apite kuangalia tezi na homa, akiwa na buparvakwoni begani. Na mtungi: nitrojeni hupungua kila siku hata kama hujaufungua. Daktari asiyechovya kijiti cha kupimia kila wiki siku moja atafungua mtungi mkavu, na chanjo yote itakuwa imekufa bila dalili yoyote ya nje. Atachanja, atalipwa, na miezi miwili baadaye ndama watakufa.

Wafugaji wa Kimaasai wa kaskazini ndio walioipokea chanjo hii kwa wingi, na wanailipia wenyewe. Hawakushawishiwa na semina. Waliwaona ndama waliochanjwa, wenye hereni sikioni, wakikua wakati wasio na hereni wakifa. Watu wanaoambiwa kila siku kwamba hawako tayari kulipia huduma wanalipa, tena taslimu, pale wanapoona kinachonunuliwa.

Mtungi uleule unaweza kulipa mara mbili. Kwenye ukanda wa maziwa, yaani Kilimanjaro, Arusha, Tanga, Rungwe, Njombe na Kagera, nitrojeni hiyohiyo inabeba mbegu za uhimilishaji kutoka kituo cha taifa cha Usa River. Mrija wa mbegu unayeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa nusu dakika, na ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi anapandishwa jioni. Uhimilishaji ukishindwa, mara nyingi kosa ni la muda: mfugaji amepiga simu amechelewa, au mtaalamu amefika kesho yake. Anayehudumia wafugaji waliokaribiana hushinda hapo, na anayekimbilia wilaya nzima kwa pikipiki moja hushindwa.

Tuseme daktari ana wafugaji 30 wa ng'ombe wa maziwa ndani ya kilomita 15, na kila mmoja analipa shilingi 15,000 kwa mwezi kwa ukaguzi wa kiwele, minyoo, kupe na uzazi. Hiyo ni shilingi 450,000. Haifiki mshahara wa serikali, lakini inalipa mafuta, kodi ya chumba na msaidizi kabla hata hajatibu mnyama mmoja. Wakifika 80 ana ofisi. Mkataba wa kila mwezi pia unambadilisha mfugaji: kwa kuwa amekwisha kulipa, anapiga simu siku ya kwanza ya homa badala ya siku ya tano.

Kuku ni njia nyingine iliyo wazi, hasa Dar es Salaam, Pwani na Arusha. Viwanda vya vifaranga na vya chakula cha mifugo huajiri madaktari, wengi wao wakiwa nusu wataalamu na nusu wauzaji. Ni kazi ya heshima na inalipa mapema. Kwa kuku wa kienyeji, chanjo ya mdondo ya I-2, ambayo Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, huitengeneza Kibaha, inavumilia joto kuliko zile za zamani: tone moja jichoni, irudiwe kila miezi mitatu au minne. Hiyo ni biashara ya mtaalamu wa astashahada aliyejipanga vizuri. Daktari awe juu yake, akimpelekea chanjo na kusoma taarifa zake za vifo.

Hapo ndipo ugomvi wa madaktari na wataalamu wasaidizi unaponiudhi. Kila upande unaona mwenzake anamnyang'anya mteja. Lakini daktari mmoja hawezi kufika kwenye mabomba ya dawa ya kupe ya kata tano, na mtaalamu msaidizi hawezi kusoma kioo cha damu wala kufanya upasuaji wa kutoa ndama. Angalia kosa dogo kama hili: amitrazi ya asilimia 12.5 inachanganywa ml 2 kwa lita moja ya maji, na ng'ombe mzima anahitaji hadi lita 10 ili dawa ifike masikioni, chini ya mkia na kati ya miguu. Bomba la lita 20 likitumika kwa ng'ombe kumi, kupe wa sikio, ambaye ndiye anayeeneza ndigana kali, hata halowi. Kosa hilo hurekebishwa na mtu anayepita bandani kila wiki, na mtu huyo ni msaidizi. Daktari mwenye wasaidizi watano wanaolipwa kwa kazi ana biashara. Anayeshindana nao kwa bei ya sindano ana njaa.

Zipo kazi ambazo mfugaji mmoja mmoja hatazilipia kamwe, na hana sababu ya kuzilipia. Nikichanja mbuzi wangu dhidi ya sotoka, nusu ya faida inakwenda kwa jirani. Mbwa wangu akichanjwa kichaa, anayepona ni mtoto wa mtaa wa tatu, na ili ugonjwa ukatike lazima mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe. Kuwatafuta wanyama waliotupa mimba baada ya mvua kubwa, kabla homa ya bonde la ufa haijafika kwa binadamu kama ilivyotokea 2007, hakuna mfugaji atakayekuitia. Hizo ni kazi za umma, na umma lazima uzilipie. Swali langu ni kwa nini tunadhani njia pekee ya kuzilipia ni kumwajiri mtu kwa masharti ya kudumu na pensheni.

Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ya miaka mitano. Bei za ruzuku zilitangazwa: shilingi 500 kwa ng'ombe, 300 kwa mbuzi au kondoo, kuku bure. Kampeni ya ukubwa huo haiwezi kubebwa na maafisa mifugo wa kata peke yao, ambao wengine wana kata mbili na pikipiki bovu. Pia haiwezi kuwa ya mwaka mmoja. Sotoka iliyothibitishwa nchini mwaka 2008 bado iko nasi, kwa sababu mbuzi huzaa haraka na kundi lililochanjwa mwaka juzi leo limejaa wasiochanjwa. Mikono ya kutosha tayari imesomeshwa na inasubiri usaili.

Nyama nayo inataka madaktari. Machinjio yanayouza nje, kama yale ya Longido na ya Soga mkoani Pwani, hupeleka mbuzi na kondoo Ghuba: Oman, Qatar, Kuwait, Umoja wa Falme za Kiarabu, Saudi Arabia. Mnunuzi wa huko anataka cheti cha daktari wa serikali nyuma ya kila shehena. Cheti hicho kina thamani ikiwa nyuma yake mnyama alikaguliwa akiwa hai, akakaguliwa tena baada ya kuchinjwa, mapafu na tezi zake vikakatwa na kutazamwa, ini likabonyezwa, na mahali alikotoka panajulikana. Mlipuko mmoja usiotolewa taarifa unaweza kufunga soko kwa miezi. Kwenye makaro ya kuchinjia ya vijijini hali ni nyingine: mkaguzi anafika alfajiri kwa nauli aliyolipiwa na mwenye bucha, kisha anatakiwa kumwambia mwenye bucha huyohuyo kwamba ng'ombe wake ana tegu kwenye ulimi na misuli ya taya na nyama isiuzwe. Hakuna mtu anayepaswa kuwekwa katika nafasi hiyo. Ada ya ukaguzi ilipwe halmashauri, na mkaguzi alipwe na halmashauri.

Mafunzo nayo yana deni. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lilitoa mwaka 2012 mapendekezo ya ujuzi ambao daktari anatakiwa kuwa nao siku ya kwanza kazini, na mtaala wowote unaweza kuandikwa ukafanana nayo. Mikono ndiyo inayopungua. Kupima mimba kwa mkono hakujifunzwi kwa ng'ombe kumi, na uchunguzi wa mzoga haujifunzwi kwa picha. Hospitali ya kufundishia iliyoko mjini Morogoro itapata mbwa na kuku wa kutosha, lakini makundi ya ng'ombe yako Simanjiro, Meatu na Kilosa. Ningependa kuona muhula mmoja wa mwaka wa tano ukifanyika wilayani, mwanafunzi akiwa na daftari lenye idadi inayohesabika: ng'ombe 200 wa kupima mimba, mizoga 30 iliyofunguliwa na kuandikiwa taarifa, siku kumi kwenye machinjio, na kampeni moja ya chanjo aliyoipanga mwenyewe tangu mtungi wa barafu hadi hesabu ya dozi zilizoharibika. Asiyefikisha asihitimu. Aongezewe pia bei: jinsi ya kukokotoa gharama ya safari, jinsi ya kuandika mkataba na chama cha ushirika cha maziwa, jinsi ya kumwambia mfugaji bei kabla ya kushika sindano. Madaktari wengi wachanga huona aibu kutaja bei, halafu wanalalamika hawalipwi.

Wanaotazama nje wajue mapema. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, madaktari wa mifugo ni moja ya taaluma chache zilizosaini mkataba wa kutambuana, mwaka 2016, lakini bado utaomba usajili kwa baraza la nchi unayokwenda. Marekani shahada yetu haikubaliwi moja kwa moja. Kuna njia ya ECFVG, mpango wa kuwathibitisha waliosomea nje, yenye hatua nne, kuanzia uthibitisho wa shahada na mtihani wa Kiingereza, kisha mtihani wa nadharia na ule wa vitendo wenye gharama kubwa, na bado kuna NAVLE ya leseni. Uingereza kuna mtihani wa RCVS, chombo kinachosajili madaktari wa mifugo huko. Inachukua miaka, na wanaofaulu kwa kawaida ni waliokuwa na wagonjwa wengi mikononi huku nyumbani.

Narudi kwenye mlipaji. Halmashauri inaweza kesho kutangaza zabuni ya chanjo kwa kata tatu kwa mwaka, daktari binafsi aliyesajiliwa akaomba, akaleta wasaidizi wake walioandikishwa. Mkataba useme chanjo zipi, miezi ipi, na alipwe kwa kila mnyama aliyechanjwa na kuingizwa kwenye daftari au kuvishwa hereni. Daktari wa wilaya aache kuchanja na abaki kuwa mkaguzi: achague vijiji vichache bila kutoa taarifa, ahesabu wanyama, apime damu ya wachache kuona kama kinga ipo kweli, akate malipo pale hesabu zinapopishana. Mtaalamu anayechanja na kujihesabia mwenyewe ndiye chanzo cha takwimu tamu zisizozuia ugonjwa.

Mpango kama huo utakwama mahali pamoja panapojulikana, kwenye malipo. Halmashauri ikikaa na hati ya malipo miezi sita, daktari hataweza kununua mafuta wala kulipa wasaidizi, na mwaka wa pili hataomba zabuni. Kwa hiyo ada anayochangia mfugaji kwenye kibanio ibaki kwa mchanjaji siku ileile kama sehemu ya malipo yake, kwa risiti, na sehemu ya halmashauri itengwe kutoka kwenye ushuru wa minada na kuwekwa akaunti yake kabla mchanjaji hajaingia kijijini. Wilaya zenye minada mikubwa hukusanya ushuru huo kila wiki kutoka kwa wanyama haohao, na madiwani wanaweza kulipitisha jambo hili kwenye bajeti zao wenyewe bila kusubiri sheria mpya kutoka Dodoma.